Waya Tatu Nyeusi

Taa mpya ilitoka Eastleigh ndani ya kartoni, ikapanda basi pamoja na mizigo ya nguo mpaka Kutulo. Nyumba ni ya mama yangu. Aliyepanda ngazi ni abti, kaka yake, mtu aliyekaa Minneapolis miaka mingi na huko akajifunza kujirekebishia vitu vya nyumba. Kazi yangu ilikuwa kushika ngazi na kumulika tochi.

Alipofungua kifuniko cha taa ya zamani alikuta waya sita zimekunjana: tatu nyekundu, tatu nyeusi. Taa mpya ilikuwa na mbili tu, kahawia na bluu. Akaniambia, "Abti, hii nyeusi usiiguse kabisa, ndiyo ina moto." (Kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina hilo hilo moja.) Nikamjibu hapana abti, moto uko kwa nyekundu, nyeusi ni nyutro, hata watoto wanajua. Tukabishana pale pale, yeye juu, mimi chini.

Hatukujua kwamba tunarudia ubishi wa wakubwa zaidi yetu. Marekani waya nyeusi ndiyo hubeba moto, na nyutro ni nyeupe. Uingereza walichagua nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro, na sisi stima yetu ilikuja kwa njia hiyo. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alileta jenereta mjini kwake. Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliungana kuwa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina ikawa Kenya Power and Lighting. Pamoja na nguzo na mita zilikuja kanuni za wahandisi wa London, zilizoandikwa mara ya kwanza mwaka 1882. Kanuni hizo za kwanza ziliitwa za kuzuia hatari ya moto. Yaani kilichowatia hofu zaidi ni nyumba kuungua. Hatari ya mtu kurushwa na stima ilitajwa humo pia.

Na mimi ujuzi wangu niliutoa wapi? Kwa sola. Laini ya taifa ilifika Garissa kupitia Mwingi, na Desemba 2019 kituo cha sola cha zaidi ya megawati 50 kikazinduliwa huko. Wajir na Mandera zilibaki na stesheni zao za dizeli, na nje ya miji hiyo watu wakajitegemea kwa paneli na betri. Betri ni volti 12. Nyekundu chanya, nyeusi hasi, unashika waya wazi kwa vidole na hakuna kitu. Kizazi kizima kimejifunza umeme hivyo, halafu siku moja kinafungua dari yenye volti 240 na kukuta rangi zile zile. Hilo ndilo linalonitisha mimi hadi leo.

Hata kahawia na bluu za ile taa mpya zina kisa chao. Ujerumani ya zamani nyekundu ilikuwa waya ya athi, ile ya usalama. Sasa fikiria pasi ya Kijerumani inafika Uingereza, mtu anaifunga plagi kwa desturi ya kwao, na bodi ya chuma yote inapata moto. Nchi za Ulaya zikakubaliana: kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, kijani na manjano kwa athi. Uingereza ilitunga sheria ya rangi hizo kwa waya za vyombo mwaka 1969. Lakini waya za ndani ya kuta waliziacha nyekundu na nyeusi, zikabadilishwa kuanzia 2004 tu. Katika dari nyingi za Kenya bado ziko vile vile.

Basi nani alikuwa na haki? Sote wawili, na hapo ndipo mtu anapokufa. Kwa ufungaji wa Kiingereza moto unafika kwanza darini. Jozi moja ya waya inauleta, ya pili inaupeleka kwa taa ya chumba kingine, na ya tatu inashuka kwenye swichi. Moto unashuka kwa nyekundu ya jozi hiyo na kurudi juu kwa nyeusi yake. Kwa hiyo kati ya nyeusi tatu, mbili ni nyutro, na moja ina moto kamili kila swichi ikiwashwa. Ukizima swichi, nyeusi hiyo inatulia, lakini zile nyekundu tatu bado zina moto juu ya kichwa chako. Fundi wa kubahatisha hufunga nyekundu zote pamoja na nyeusi zote pamoja. Taa inawaka swichi ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, breka inaruka. Watu husema taa ni mbovu.

Nilitaka kumpa abti tesa. Akakataa. Stima yetu jioni hiyo ilikuwa ya jenereta ndogo, na nyingi za aina hiyo nyutro yake haijafungwa ardhini, kwa hiyo tesa yaweza kukaa kimya juu ya waya ya kuua, au kuwaka hafifu kwenye zote mbili. "Nenda uizime," akasema. "Na ukae karibu nayo, asije mtu akaivuta kamba."

Nikaenda. Kelele zilipokufa akazitenganisha waya zote sita, akachukua mita yake, akamwita dada yangu awe anabonyeza swichi. Jozi mbili hazikubadilika. Ya tatu mita ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Nyekundu zote tatu akazifunga pamoja peke yake, zisiguse taa. Nyeusi mbili zikaenda kwa bluu. Ile nyeusi ya tatu ikaenda kwa kahawia.

Kabla ya kurudisha kifuniko aliomba tepu nyekundu. Haikuwepo. Dada yangu akaleta rangi yake ya kucha, abti akaipaka ile nyeusi ya swichi sehemu ya urefu wa kidole, akakaa juu ya ngazi akiipuliza ikauke, na mama anauliza toka nje kama chakula kitaliwa gizani.