Nani aliwajengea wazee wa Lubumbashi nyumba?

Jumapili iliyopita, jirani yetu mmoja alipigiwa simu na binti yake anayeishi Marekani. Tulikuwa watu watano au sita pale lupangu kwake, simu ikawekwa sauti ya juu, sote tukasikiliza. Binti alikuwa anasimulia juu ya jengo la ghorofa karibu na kwake ambamo wanakaa wazee peke yao, watu wenye feza kidogo, na serikali inawasaidia kulipa nyumba. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na batoto yabo beko wapi?"

Tulicheka sana. Lakini mimi nilirudi nyumbani na swali lingine. Mama huyu ni mjane wa mfanyakazi wa Gécamines. Mume wake alitumika miaka zaidi ya ishirini na tano katika shaba. Mji mzima umejengwa na watu kama yeye. Basi wao wenyewe, walipozeeka, nani aliwajengea?

Lubumbashi si mji uliokosa wajenzi wa nyumba. Kampuni ilijenga, serikali ya Wabelgiji ilijenga, na wamisionari pia. Kuna mistari mirefu ya nyumba za matofali ambayo mtu akiipita leo bado anaona mkono wa mpimaji aliyeichora. Ila ukitazama vizuri kila moja ilijengwa kwa ajili ya nani, utamkuta mtu mwenye nguvu za kutumika. Mzee hayumo katika hesabu.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Reli ilifika hapa 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville, na 1911 tanuru likaanza kuyeyusha shaba. Wafanyakazi wa kwanza walikuja kwa mikataba ya miezi michache. Wengine walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Walilala katika vibanda vibaya, magonjwa yakawamaliza wengi, na aliyebaki mzima alirudi kwao mkataba ulipoisha. Wakati huo kampuni haikuwa na sababu ya kuwaza uzee wa mtu. Uzee ulikuwa kazi ya kijiji.

Mambo yakageuka kuelekea 1928. Kutafuta watu mbali kila mara kuligharimu sana, na Rhodesia ilikuwa inafungua migodi yake na kuwahitaji watu wake. Kampuni ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kumruhusu mtu alete mke. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyeisimamia siasa hiyo kwa miaka mingi. Hesabu yake ilikuwa wazi: mwanaume mwenye mke, watoto na nyumba ya matofali hatoroki, na watoto wake watakuwa wafanyakazi wa kesho. Kampo zikapata dispansari na masomo, na kila juma mama wa nyumba akaenda kupokea poso kwa kadiri ya watu wa nyumbani mwake. Toka hapo likazaliwa lile neno ambalo wazee wetu walilisema bila kucheka: kazi njo baba, njo mama.

Lakini baba huyo aliweka namba kwenye mlango. Nyumba ilifuata namba ya kazi. Shefu wa kampo alijua nani amelala humo, na mgeni aliandikwa. Mgogoro wa uchumi wa 1930 mpaka 1932 ulipobana, maelfu waliondolewa kazini na kurudishwa makwao, na nyumba zao zikabaki hapa tupu. Hata mgomo wa Desemba 1941, ule uliomalizika kwa risasi kwenye uwanja wa mpira tarehe 9, ambapo Léonard Mpoyi aliuawa pamoja na wengine wengi, mimi nauona pia kwa jicho hili: mtu aliyegoma aliweka hatarini mshahara wake, poso yake na paa la watoto wake kwa siku moja.

Kufika 1950 kizazi cha kwanza cha kampo kilikuwa kinaota mvi. Watoto wao walizaliwa hapa, na kijiji walikijua kwa jina tu. Kumwambia mzee wa namna hiyo "rudi kwenu" kulikuwa kumtuma ugenini. Ndipo zile sehemu za mji zilizo nje ya kampo zikapata uzito mpya. Kamalondo ilikuwapo tangu zamani, ng'ambo ya ule ukanda mtupu ambao Wabelgiji waliuacha kusudi kati ya mji wao na wetu. Kenya ikafuata. Halafu zikaja Katuba na Ruashi.

Katuba inastahili tuitulie kidogo. Kiongozi wa serikali aliyeitwa Ferdinand Grévisse alileta utaratibu ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Mtu alipewa lupangu na mkopo wa kujengea, akajenga mwenyewe au akatafuta mwashi, kisha akalipa deni kidogo kidogo kila mwezi. Serikali ilikuwa na mfuko wa mikopo kwa kazi hiyo. Ruashi ilikuwa namna nyingine: humo Office des Cités Africaines, iliyoundwa kwa dekreti ya tarehe 30 Machi 1952, ilijenga nyumba yenyewe, safu kwa safu, na kuwapa watu kwa malipo ya muda mrefu. Baada ya mfalme Baudouin kutembelea Kongo 1955, ukaanzishwa pia Fonds du Roi, mfuko wa kuzisaidia familia zenye mapato madogo zipate nyumba zao. Na dekreti ya tarehe 6 Juni 1956 ikaleta pansioni kwa wafanyakazi.

Sitawasifu Wabelgiji kwa hayo. Walikuwa wanataka mji wenye utulivu, watu waliopangwa vizuri na walio mbali na madirisha yao. Lakini tukitaka kujua ni lini serikali iliweka feza yake mezani ili mtu wa mapato madogo hapa Lubumbashi apate paa, jibu ni miaka ile minane au tisa, kati ya 1950 na 1959. Na hata hapo mlango ulikuwa mshahara. Mkopo ulimtaka mtu mwenye kazi, na pansioni pia. Mwanamke aliyeachwa na mume, au mzee aliyezeeka kabla dekreti haijatoka, hakuwa na mlango wa kugonga.

Wazee wa Katuba wanapenda kusimulia jinsi watu wa kampo walivyowacheka. Mtu wa kampo hakulipa nyumba. Yule wa Katuba alirudi jioni amechoka na bado alikuwa na deni la matofali na malata. Wote wawili walikula bukari ileile, ila mmoja alionekana mjinga. Ilichukua miaka arobaini kujua nani alikuwa mjinga, na kusema kweli hakuna aliyekuwa mjinga, kwa sababu mtu wa kampo hakuambiwa kwamba baba yake anaweza kufa.

Baada ya uhuru, Institut National de Sécurité Sociale, ile INSS ambayo leo inaitwa CNSS, iliundwa Juni 1961 kushughulikia pansioni. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu ikainyang'anya Union Minière mali yake, na kampuni mpya baadaye ikachukua jina la Gécamines. Jina la baba lilibadilika, nyumba hazikubadilika. Bunga lilitolewa, hospitali ya Sendwe na zile za kampuni zilitibu, watoto walisoma. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, na mfanyakazi wake aliweza kukopa dukani kwa kuonyesha karti ya kazi tu.

Halafu 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka kule Kolwezi. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uporaji. Kufika 1993 Gécamines ilikuwa inatoa chini ya tani 50,000, na katika miaka hiyohiyo maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, nyingi kutoka katika nyumba ambamo baba aliishi tangu ujana. Stesheni za Likasi na Kolwezi zilijaa watu waliosubiri treni na magodoro yao. Hao hatujui tuwaweke katika hesabu gani ya wazee wenye nyumba.

Pansioni nayo ilikufa kwa ugonjwa wa feza. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani ziligeuzwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikageuzwa franga moja. Piga hesabu: zaire bilioni 300 za zamani kwa franga moja. Mzee aliyekatwa mshahara wake kila mwezi kwa miaka thelathini alikuta akiba yake haitoshi kununua kisanduku cha viberiti. Hakuibiwa usiku na mtu. Sufuri tu zilifutwa.

Mwaka 2003 ikaja ile operesheni ya watu kuondoka kazini kwa hiari, kwa feza ya Benki ya Dunia. Zaidi ya watu 10,000 wa Gécamines, wengi wao wenye utumishi wa miaka 25 na zaidi, walipokea malipo ya mara moja na kuacha kazi. Walikuwa wamepita miezi mingi bila mshahara, na neno "hiari" mpaka leo linawachoma. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo kikuu chetu alikuwa tayari ametoa kitabu 2001 ambacho kichwa chake kinawaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Wenzao wa reli, SNCC, nao walikuja kupita njia ya kufanana.

Mume wa jirani yetu alikuwa mmoja wa wale 2003. Sehemu ya malipo ililipa madeni, sehemu masomo, na iliyobaki alinunulia lupangu upande wa komini ya Annexe. Alijenga vyumba viwili vya kukaa na baadaye vitatu vya kupangisha. Ndiyo pansioni ya wengi hapa: vyumba vya nyuma. Ukipita Katuba au Kenya leo, karibu kila lupangu la mzee lina mpangaji. Yule mjinga wa 1955 aliyelipa matofali kwa miaka, wajukuu wake wanakula kodi mpaka sasa. Kama nikiulizwa sera gani ya nyumba iliwasaidia wazee wa mji huu kuliko zote, nitajibu: ule mkopo wa Katuba, ingawa aliyeubuni hakuwa anawaza wazee.

Kwingine wamefanya namna nyingine. Ile nyumba ya Marekani aliyoisimulia binti inawezekana inatokana na sheria yao ya 1959 ya makazi ya wazee, ambayo serikali inagharimia ujenzi, na kwa kawaida mzee analipa asilimia 30 ya mapato yake. Si lazima kwenda mbali hivyo. Zanzibar, serikali ina makao ya wazee Sebleni na Welezo, na 2016 ilianza kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alitumika kwa mshahara au alilima muhogo. Kwetu, katiba ya 2006 inasema katika kipengele cha 48 kwamba kila mtu ana haki ya makao yanayofaa, na cha 49 kinawataja wazee kwa jina kwamba wanastahili ulinzi wa pekee. Maneno mazuri. Jengo bado sijaliona.

Kwa hiyo kinachomlinda mzee wa Lubumbashi leo ni watoto na karatasi. Watoto tunawajua. Karatasi ndiyo inayosahauliwa. Wengi wamehifadhi kile kitabu cha zamani cha logeur kilichotolewa enzi ya Wabelgiji, na wanaamini kinatosha. Tangu sheria ya Julai 1973 ardhi yote ni ya serikali, na anayetaka haki ya kudumu juu ya lupangu anahitaji cheti cha kuandikishwa. Mzee akifa na kitabu peke yake, ugomvi huanza kabla matanga hayajaisha.

Ndivyo ilivyotokea kwa jirani. Mwezi wa pili baada ya kuzika, wadogo wa marehemu walikuja wakauliza karatasi za lupangu, kwa heshima nzuri kabisa, na chai wakanywa. Walitaka kuuza. Mama alinyamaza siku ile. Lakini Kode ya familia ya 1987 inasema mwenzi aliyebaki ana haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyoishi na vyombo vyake, na nyumba ikipangishwa, kodi inagawanywa nusu kwa nusu kati yake na watoto wa marehemu. Ndugu wa marehemu hawamo katika mgawanyo huo.

Kijana mmoja wa kartye, mwanafunzi wa sheria, alimwandikia maneno hayo kwenye karatasi ya daftari. Ameikunja ndani ya Biblia pamoja na mkataba wa lupangu na barua ya kampuni ya 2003. Jumanne ataenda na mtoto wake wa kwanza ofisi ya ardhi kuuliza cheti kinagharimu kiasi gani. Wapangaji watatu wamekubali kulipa mwezi ujao mapema.