Uundaji wa Magari Nyumbani Nchini Uingereza

Uundaji wa magari nyumbani ulienea Uingereza kwa sababu mbili: magari mapya yalikuwa ghali, na magari makuukuu yalikuwa na vipuri vinavyofaa. Chanzo kikuu cha vipuri kilikuwa Austin 7, gari dogo lililotengenezwa kuanzia mwaka 1922 hadi 1939. Bodi yake ilipochakaa, injini, ekseli na chasisi zilifaa kuvalishwa bodi nyingine. Mwaka 1948 Colin Chapman, aliyekuwa amesomea uhandisi London, aliligeuza Austin 7 kuukuu kuwa gari la mashindano katika gereji ya wazazi wa mchumba wake. Hilo ndilo likawa gari la kwanza la Lotus, kampuni yake ya magari.

Kodi nayo ilichochea kazi hiyo. Gari jipya lililokamilika lilitozwa kodi ya manunuzi, lakini vipande vya kujiunganishia havikutozwa, mradi visiuzwe pamoja na maelekezo ya kuunganisha. Lotus Seven, lililotoka mwaka 1957, liliuzwa kwa njia hiyo. Kampuni ilitoa maelekezo ya kulifungua gari, na mnunuzi akayafuata kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Fremu ya mabomba membamba ya chuma, iliyofunikwa kwa bati la alumini, ililifanya gari liwe jepesi na rahisi kuungwa na mtu asiye fundi.

Nafuu hiyo ilikoma Aprili 1973, Kodi ya Ongezeko la Thamani ilipochukua nafasi ya kodi ya manunuzi. Mwaka huohuo haki za kutengeneza Seven zilihamia kwa kampuni ya Caterham, ambayo iliendelea kuuza vipande.

Mwaka 1996 kitabu cha Ron Champion kilionyesha namna ya kuunda gari la aina ya Seven kwa pauni 250. Mjenzi hukata mabomba ya chuma ya mraba, huyachomelea kuwa fremu, kisha hufunga injini, giaboksi na ekseli ya nyuma kutoka Ford Escort kuukuu. Magari hayo hujulikana kama Locost.

Ujuzi huo wa nyumbani sasa hupimwa kisheria. Ukaguzi wa gari mojamoja ulianza mwaka 1998, na utaratibu wa sasa ukafuata mwaka 2009. Breki, taa, mikanda, usukani na moshi hukaguliwa kabla ya usajili. Gari ambalo umri au asili ya vipuri vyake haijulikani hupewa namba inayoanza na herufi Q.