Kinyonga, Ngoma na Tafsida: Mtoto wa Isecheno na Lugha ya Kifo

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu chukulia kuwa uko Isecheno, ukingoni mwa msitu wa Kakamega, eneo la Shinyalu. Mazishi yamekwisha na viti vinakusanywa. Mtoto wa miaka 5 anavuta leso ya nyanya yake na kuuliza, "Nyanya, babu atatoka mle lini?"

Swali hili ni la imani, lakini ni la fasihi pia. Jibu lolote atakalopewa litakuwa hadithi, wimbo, sitiari au tafsida. Makala haya yanafuatilia majibu yaliyotolewa katika nyakati mbalimbali, na yanashikilia hoja moja: lugha ya kifo hupimwa kwa hadhira yake. Tafsida inayomstahi mtu mzima yaweza kumpotosha mtoto.

Kisasili, ngoma na jina

Wenyeji wa Isecheno ni Waisukha, mojawapo ya jamii za Waluhya. Miongoni mwa Wabukusu, ndugu zao wa upande wa kaskazini, mwanaanthropolojia Günter Wagner alirekodi katika miaka ya 1930 kisasili cha asili ya kifo. Kinyonga alimkuta mtu akila mbele ya nyumba yake, akamwomba chakula. Mtu yule akamnyima, tena akamfukuza. Kinyonga akalaani: kuanzia hapo watu watakufa. Kisha akaenda kwa nyoka, naye akamkirimu. Ndipo nyoka akabarikiwa awe anajivua gamba na kuendelea kuishi.

Tazama jinsi kisasili hiki kinavyomfaa mtoto. Anayeishi kando ya msitu huenda amewahi kuokota gamba la nyoka. Ushahidi wa hadithi ameushika mkononi. Isitoshe, hadithi haimfichi jambo. Nyoka hujivua gamba, binadamu hajivui. Babu hatatoka mle.

Hata hivyo, mhakiki makini ataona kasoro. Kisasili kinaleta kifo kama adhabu ya uchoyo. Mtoto aliyefiwa na mama anaweza kujiuliza, "Mama alimnyima nani chakula?" au, vibaya zaidi, "Mimi nilikosa nini?" Fanani mwema hulijua hili, naye huongeza kwamba kosa lilikuwa la zamani sana na kwamba sasa wema na wabaya hufa sawa.

Aidha, mtoto hakufundishwa kwa hadithi pekee. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho huchezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Huchezwa mtoto azaliwapo, jandoni, arusini na mazishini. Kwa hiyo mtoto aliisikia matangani ngoma ile ile iliyowahi kumpokea duniani. Hakuna aliyehitaji kumweleza kwa maneno mengi kuwa kifo ni sehemu ya maisha.

Fauka ya hayo, kuna jina. Waluhya wengi humpa mtoto jina la jamaa aliyefariki. Mtoto aitwaye kwa jina la babu yake anajua, kila anapoitwa, kwamba babu hayupo na wakati uo huo hajasahaulika. Hayo ni mambo mawili yanayopaswa kukaa pamoja.

Misheni na lugha mpya

Mwaka 1902 Marafiki, yaani Wakweka, walifungua misheni Kaimosi. Mwaka 1906 Wakatoliki wa Mill Hill wakafika Mukumu, karibu na Isecheno. Walileta tumaini la ufufuo, na wafiwa wengi wamelishikilia hadi leo. Lakini umbo la mazungumzo lilibadilika. Katika hadithi mtoto huuliza. Katika katekisimu mwalimu ndiye huuliza, na jibu limekwisha kuandikwa. Mtoto alijifunza kujibu maswali ya watu wazima kabla hajauliza lake.

Pamoja na imani hiyo zilikuja sitiari zake: marehemu "amelala katika Bwana", "ameitwa", "amechukuliwa". Mkristo mzima anaelewa kuwa usingizi huo unasubiri ufufuo. Mtoto anasikia neno lile lile analoambiwa kila jioni: nenda ukalale.

Tafsida na hadhira

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa tafsida za kifo: kuaga dunia, kutangulia mbele ya haki, kutuacha. Hata "kufariki" chanzo chake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kutengana. Mtahini akikuuliza umuhimu wake, utajibu: kustahi wafiwa na kupunguza makali. Jibu ni sahihi, lakini halijakamilika.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Maria Nagy alichapisha utafiti kuhusu watoto wa Hungaria. Aligundua kuwa wenye umri wa kati ya miaka 3 na 5 hukiona kifo kama safari au usingizi, jambo ambalo mtu hurudi kutoka kwalo. Safari na usingizi! Ndizo tafsida zetu mbili kuu. Kwa mtu mzima ni sitiari; kwa mtoto ni habari. Akiambiwa babu amesafiri, atamngojea barabarani. Akiambiwa amelala, huenda akaogopa kitanda.

Fasihi yetu inatupa mfano bora kutoka pwani. Mnamo 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Binti hakuwa tena mtoto mdogo. Lakini angalia mpangilio: mama anamwita aje akae karibu, anamtajia ugonjwa wake waziwazi, kisha anamwekea dini mbele ya mambo mengine yote. Kwake ukweli na imani havigombani, ukweli unatangulia.

Kwa nini suala hili litushughulishe?

Mwaka 1999 serikali ya Kenya ilitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Walimu wengi walijikuta na mayatima madarasani, huku chanzo cha vifo kikinong'onezwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15. Ngoma ikanyamaza, na watoto wengi hawakuona kaburi likifukiwa. Pale desturi inapoondolewa, maneno pekee ndiyo hubaki. Yakiwa ya kuficha, mtoto huachwa peke yake.

Hitimisho

Turudi kwa nyanya wa Isecheno. Anaweza kusema: "Babu amekufa, mjukuu wangu. Mwili wake haupumui wala hausikii baridi. Hatatoka mle. Sisi tunaamini yuko kwa Nyasaye. Si wewe uliyemkosea. Na jina lake unalo wewe." Sentensi ni fupi, neno "amekufa" limetangulia, imani imetajwa kama imani, lawama imeondolewa na kumbukumbu imekabidhiwa. Mwalimu, usiwafundishe wanafunzi tafsida bila kuwauliza: inasemwa na nani, kwa nani?

Maswali ya mjadala

1. Linganisha fanani wa kisasili na mwalimu wa katekisimu kwa kurejelea nafasi ya hadhira.
2. "Tafsida huficha kadiri inavyostahi." Jadili.
3. Kusanya kisasili kimoja cha asili ya kifo kutoka jamii yako. Kinamwambia mtoto nini, nacho kinamwacha na hofu gani?