Kidonge cha Usingizi na Swali Lisiloulizwa

Mgonjwa wa moyo anaposema halali usiku, mara nyingi anaueleza ugonjwa uleule uliomleta kliniki. Akilala chali maji hujaa mapafuni, naye huamka akihema. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa huamshwa na haja ndogo. Mwenye figo zilizochoka hujikuna hadi alfajiri. Yuko pia anayemeza furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo, jioni, ambaye tiba yake ni kuhamishiwa dozi asubuhi tu. Wote hawa huweza kurudi nyumbani na diazepamu ya kuwaletea usingizi. Dawa hiyo sina ugomvi nayo: katika degedege imeokoa wengi. Ninachopinga ni kuiandika kabla ya kuuliza usingizi umezuiwa na nini, kwa kuwa ikishamlaza mgonjwa, dalili iliyokuwa ikitoa taarifa hunyamazishwa huku ugonjwa ukiendelea.

Tena mwili wenye maradhi sugu hauipokei dawa hii kama mwili mzima. Diazepamu, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1963, huvunjwavunjwa na ini, na mazao yake hukaa damuni kwa siku kadhaa. Kwa mzee, au kwa mwenye ini lenye makovu, hukaa zaidi, hivyo dozi ya leo humkuta na masalia ya juzi: anapepesuka, anasahau, anaanguka na kuvunjika nyonga. Mwenye ini bovu aweza kupoteza fahamu. Mwenye mapafu yaliyoziba kwa muda mrefu hupungukiwa na msukumo wa kupumua, na hatari huzidi akipewa pamoja na dawa za maumivu kama mofini au tramadoli. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza mchanganyiko huo ubebe onyo lake kali kuliko yote.

Miongozo basi haijakosekana. Uingereza ilishauri tangu 1988 kwamba dawa za kundi la diazepamu zisizidi wiki mbili hadi nne. Kinachoishinda miongozo ni maneno mafupi kwenye faili: “endelea na dawa”. Daktari wa moyo hathubutu kugusa alichoandika mwenzake wa kisukari, na dozi ya wiki mbili hufikisha miaka. Foleni ni ndefu, nakubali. Lakini foleni hiyohiyo humrudisha mgonjwa akiwa kwenye machela.

Jaribio la Quebec, Kanada, lililochapishwa 2014, lilinifikirisha kwa sababu lilimwendea mgonjwa moja kwa moja. Wazee waliopewa kijitabu kinachoeleza hatari na jinsi ya kupunguza dozi, asilimia 27 waliacha dawa hizi ndani ya miezi sita. Wasiopewa, asilimia 5. Kupunguza ndiko kwenyewe, maana kuacha ghafla baada ya matumizi marefu huweza kuleta degedege.

Kwa hiyo kila cheti cha dawa ya usingizi kiandikwe mambo mawili: sababu ya kukosa usingizi na tarehe ya kukoma. Mfamasia asipoyaona, ampigie simu aliyeandika kabla ya kutoa hata kidonge kimoja.