Magari ya umeme na maji ya mafuriko: mwongozo kwa madereva wa Iyunga na Nyanda za Juu Kusini

Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, ikiwemo Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Rukwa, hupata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, unaoanza Novemba na kumalizika Aprili mwaka unaofuata. Katika kipindi hicho Barabara Kuu ya TANZAM, inayounganisha bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Tunduma, hubeba malori, mabasi, magari madogo, bajaji na bodaboda katikati ya Jiji la Mbeya, kupitia Uyole hadi Iyunga, kabla ya kushuka Iwambi kuelekea Mbalizi. Barabara hiyo pia iko katika mradi wa upanuzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, wenye urefu wa kilomita 29.

Matumizi ya vyombo vya moto vinavyotumia umeme yanapozidi kukua nchini, hasa pikipiki na bajaji, swali linaloulizwa na wananchi wengi ni iwapo vyombo hivyo ni salama kwenye mvua kubwa na maji yaliyofurika. Jibu lina sehemu mbili. Mvua pekee si tishio kwa gari la umeme lililo katika hali nzuri. Maji ya mafuriko ni tishio kwa gari lolote, na kukosekana kwa injini ya mafuta hakumpi dereva ruhusa ya kuyaingia.

Kwa nini mvua haidhuru gari la umeme

Betri kuu ya gari dogo la umeme huwa na umeme wa takribani volti 400, na katika baadhi ya magari hufikia volti 800. Umeme huo haupiti kwenye bodi ya gari. Nyaya zake zote mbili, chanya na hasi, zimetenganishwa na chuma cha gari, na kwa kawaida zimefunikwa kwa ganda la rangi ya chungwa ili fundi na mwokoaji wazitambue. Gari lina mfumo unaopima utengano huo wakati wote. Unapobaini hitilafu hutoa onyo kwenye dashibodi, na katika ajali kubwa swichi zilizo ndani ya betri hukata umeme usitoke nje. Ndiyo maana gari la umeme lililosimama kwenye maji haliyatii maji hayo umeme kama waya wa nguzo ulioanguka.

Betri nyingi za magari haya zimetengenezwa kwa kiwango cha kinga kinachoitwa IP67. Tarakimu ya 6 ina maana kuwa vumbi haliingii, na tarakimu ya 7 ina maana kuwa kifaa kimestahimili kuzamishwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Hata hivyo, jaribio hilo hufanyika kwa kifaa kipya. Betri iliyogongwa na jiwe kwa chini, au iliyofunguliwa na fundi asiyebadilisha mipira ya kuzuia maji, haina tena uhakika huo.

Kina gani cha maji kimejaribiwa

Magari mengi ya umeme duniani hutengenezwa China. Kiwango cha usalama cha taifa hilo, GB 18384 cha mwaka 2020, kinataka gari la umeme lijaribiwe kwa kuendeshwa kwenye maji ya kina cha sentimita 10, kwa mwendo wa takribani kilomita 20 kwa saa, umbali usiopungua mita 500. Sentimita 10 ni maji yanayofika kwenye kifundo cha mguu wa mtu mzima. Baadhi ya watengenezaji huruhusu kina kikubwa zaidi, na kipimo hicho huandikwa kwenye kitabu cha maelekezo ya gari. Mmiliki anapaswa kukijua kipimo cha gari lake kabla ya msimu wa mvua. Asipokipata, asizidishe sentimita 10.

Dhana kwamba gari la umeme linafaa kuvuka mto imetokana na ukweli mmoja. Gari la mafuta huzimika maji yanapoingia kwenye injini kupitia njia ya hewa, ilhali mota ya umeme haivuti hewa. Dereva hujiona salama kwa sababu gari linaendelea kutembea pale ambapo jirani yake amekwama. Hatari kubwa, hata hivyo, si gari kuzimika. Ni gari kuinuliwa na kusombwa.

Hesabu ya gari kuelea

Gari lenye sakafu ya urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.7 lina eneo la mita za mraba 6.8. Kila sentimita 10 za maji zinazopanda juu ya usawa wa sakafu hulisukuma gari juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 680, mradi maji hayajaingia ndani. Gari la kilo 1,700 linahitaji takribani sentimita 25 tu juu ya usawa wa sakafu ili lielee. Uzito wa betri hausaidii kama wengi wanavyodhani, kwa sababu upande wa chini wa gari la umeme ni bapa na umezibwa vizuri, hivyo maji huchelewa kuingia na gari huelea kama mtumbwi.

Kabla ya kuelea, matairi huwa yamekwisha kupoteza mshiko. Kwa maji yanayotembea, sentimita 15 zinaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 zinaweza kuyasomba magari mengi madogo, na sentimita 60 zinaweza kuyachukua magari mengi, yakiwemo makubwa ya aina ya pikapu. Mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne.

Taifa limeshuhudia gharama ya kuyadharau maji. Aprili 2024 gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji katika eneo la Sinoni, jijini Arusha, na watoto wakapoteza maisha. Siku chache baadaye aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamefariki dunia nchini kutokana na athari za mvua za msimu huo. Mwezi huohuo, maporomoko ya tope kutoka Mlima Kawetere yalifukia nyumba katika Kata ya Itezi, Jiji la Mbeya.

Kuendesha kwenye mvua kubwa

Dereva wa gari la umeme anapaswa kuzingatia yafuatayo:

1. Kupunguza nguvu ya breki ya kurejesha umeme. Gari la umeme hupunguza mwendo mara dereva anapoondoa mguu kwenye kanyagio, huku mota ikizalisha umeme. Kwenye lami yenye maji au tope, hasa miteremko kama ile ya Iwambi, nguvu hiyo inaweza kuyafanya matairi yateleze.

2. Kukanyaga kwa taratibu. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote papo hapo, na tairi lenye kashata zilizoisha huserereka kwa urahisi.

3. Kuacha nafasi kubwa na gari la mbele. Gari la umeme huwa zito kuliko gari la mafuta la ukubwa uleule.

4. Kukausha breki. Baada ya kupita kwenye maji, dereva akanyage breki kidogokidogo kwa mwendo mdogo mpaka zishike vizuri.

5. Kubakiza chaji ya kutosha. Wipa, taa na kipasha joto hutumia umeme, na lami iliyolowa huongeza ukinzani. Barabara ikifungwa, chaji iliyobaki ndiyo itakayomwezesha dereva kugeuza na kurudi.

Kwa waendeshaji wa bajaji na pikipiki za umeme, tahadhari inapaswa kuwa kubwa zaidi. Umeme wake ni mdogo, kwa kawaida kati ya volti 48 na 72, lakini betri na kidhibiti cha mota viko karibu na ardhi, na chombo chenyewe ni chepesi. Maji ambayo gari dogo lingepita yanaweza kuipindua bajaji pamoja na abiria wake.

Penye maji yasiyoonekana chini, uamuzi ulio sahihi ni kusimama, kusubiri au kurudi. Maji ya tope huficha mashimo, mitaro na makalavati yaliyobomoka. Gari lililotangulia kupita salama si kipimo, kwa kuwa maji hupanda ndani ya dakika chache.

Gari linapokwama au kuzama

Maji yakianza kulisukuma gari, waliomo wafungue mikanda na kushusha vioo mapema, kisha watoke kupitia madirishani, watoto wakitangulia. Magari mengi ya kisasa yana vitasa vya umeme, hivyo dereva anapaswa kujua mahali ulipo mkono wa kufungulia mlango bila umeme, na kuwaonyesha abiria wake wa kila siku. Waliotoka wasirudi kuchukua mizigo.

Gari lililozama lisiwashwe na lisichajiwe hadi likaguliwe na fundi mwenye ujuzi wa magari ya umeme. Lisivutwe kwa kamba huku magurudumu yakizunguka, kwa sababu mota inayozungushwa huzalisha umeme. Libebwe juu ya gari jingine. Liegeshwe mahali pa wazi, umbali wa mita 15 au zaidi kutoka kwenye nyumba, magari mengine na vitu vinavyoweza kuungua.

Tahadhari hiyo inatokana na uzoefu. Baada ya Kimbunga Ian kupiga jimbo la Florida, Marekani, Septemba 2022, magari kadhaa ya umeme yaliyozama kwenye maji ya bahari yalishika moto, mengine siku kadhaa baada ya maji kupungua. Chumvi hupitisha umeme vizuri na huacha mabaki yanayounganisha sehemu za betri zisizopaswa kugusana. Maji ya mvua ya Mbeya hayana chumvi nyingi kiasi hicho, hivyo hatari ni ndogo zaidi, lakini tope na uchafu wa mitaro vinaweza kuleta kutu na hitilafu polepole.

Dalili za hatari ni moshi, harufu kali, joto lisilo la kawaida chini ya sakafu, na sauti ya kuzomea au kupasukapasuka. Zikionekana, watu wote wakae mbali. Kizimamoto kidogo cha gari hakitoshi kuipoza betri inayoungua, na moto uliozimwa unaweza kuwaka tena baada ya saa au siku kadhaa.

Kuchaji nyumbani wakati wa mvua

Kiunganishi cha kuchajia kilichotengenezwa kwa viwango huhimili mvua, lakini soketi na nyaya za nyumbani mara nyingi hazihimili. Mmiliki asitumie waya wa kuunganisha uliolala kwenye maji, asichaji pale maji yanapofika kwenye soketi, na asishike kiunganishi kilichopasuka. Soketi ya kuchajia iwe na waya wa ardhini na kifaa cha kukata umeme unapovuja, na ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Anayenunua gari lililotumika achunguze alama za tope chini ya mazulia na kwenye mikanda, pamoja na kutu kwenye reli za viti, kwani gari lililowahi kuzama linaweza kuuzwa likiwa limesafishwa. Mmiliki asome pia mkataba wake wa bima ili ajue kama mafuriko yamo.

Taarifa na msaada

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa taarifa za hali mbaya ya hewa kwa ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Dereva anayesafiri kati ya Iringa, Mbeya na Tunduma anapaswa kuzisikiliza kabla ya kuondoka. Uharibifu wa barabara kuu na madaraja yake uripotiwe TANROADS, na wa barabara za mitaa TARURA. Kwa dharura, wananchi wapige namba 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji au 112 kwa Jeshi la Polisi, na wataje mapema kuwa chombo kilichopata ajali ni cha umeme, ili waokoaji wafike wakiwa na vifaa vinavyostahili.