Merikani: Shuka ya Unguja na Mikono ya Salem

Merikani ni nguo ya pamba isiyopaushwa, nzito kidogo mkononi, ambayo wazee wa Unguja waliipa jina la nchi ilikotoka. Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 akafika Unguja balozi mdogo wa kwanza wa taifa hilo, Richard Waters, mwana wa bandari ya Salem katika jimbo la Massachusetts. Marobota ya nguo yakawa yanashuka forodhani. Pembe, ngozi na sandarusi zikipanda majahazini. Huko bara merikani iligeuka sarafu. Mikono minne ilifanya shuka, shuka mbili zikafanya doti, na kwa doti alilipwa mpagazi, ikanunuliwa posho ya msafara, akaridhishwa na mtemi aliyeifunga njia. Ikitiwa nila, ikaitwa kaniki.

Tajiri aliyeileta ameandikwa sana, na mvaaji naye hakusahauliwa. Aliyesimama mbele ya mtambo akaifuma ndiye hatajwi.

Mojawapo ya viwanda vilivyoifuma kilikuwa pale pale Salem, ukingoni mwa bandari. Kampuni ya Naumkeag iliundwa mwaka 1839, na kiwanda chake kikaanza kazi mwaka 1847, kikiendeshwa kwa mvuke zama ambazo viwanda vingi vya jimbo hilo vilitegemea maji ya mito. Pamba yake ilitoka Kusini mwa Marekani, ilikolimwa na watumwa. Na nguo yake ikaja kununua pembe ambazo mara nyingi zilibebwa na watumwa pia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliikata pamba hiyo. Bei ilipopaa, wafanyabiashara wa Unguja wakageukia nguo za Uingereza, kisha za Bombay, nazo zikauzwa kwa jina lile lile la merikani. Salem ikabaki bila soko lake la ng'ambo. Ikageukia shuka za vitanda za Wamarekani wenyewe, zikajulikana kwa chapa ya Pequot.

Waliofanya kazi humo wengi walikuwa wahamiaji: wasemao Kifaransa kutoka Kanada, na Wapolandi. Walipanga nyumba katika mitaa iliyokizunguka kiwanda. Ndiyo maana moto mkubwa wa tarehe 25 Juni 1914 uliwanyang'anya watu wale wale kazi na makazi kwa siku moja. Kiwanda kilijengwa upya, nao wakarudi.

Mfumaji wa kiwandani hafumi kwa mkono. Hutembea. Hupita baina ya mitambo, akiunga uzi wa mtande uliokatika, akiangalia mshindio usiishe, katika hewa iliyotiwa unyevu makusudi ili nyuzi zisikatike, na katika kelele ambayo hulazimu maneno kusomwa midomoni. Kwa hiyo swali la maisha yake ni moja: ataangalia mitambo mingapi? Katika miaka ya 1920 swali hilo lilikuwa kali, kwani viwanda vya Kusini, vilivyolipa ujira mdogo, vilikuwa vikiviangusha vya Kaskazini kimoja baada ya kingine.

Hapo chama cha wafanyakazi cha Salem kilifanya jambo lisilo la kawaida. Kilikubaliana na kampuni waichunguze kazi kwa pamoja: wapime hatua na dakika, wakadirie mzigo wa kila mtu, na waliozidi waondoke kwa utaratibu. Makubaliano hayo yamelaumiwa sana baadaye, lakini hayakuwa ya kipumbavu. Kukataa kulimaanisha kuusubiri mlango ufungwe. Ubaya ni kwamba kukubali nako kulimtaka mtu aongezewe mitambo ya jirani yake, kisha jioni apite mbele ya nyumba ya jirani huyo asiye na kazi tena. Na chama, ambacho zamani kilikuwa mahali pa kupeleka malalamiko, sasa kilikuwa kimetia mkono wake katika kile kile kilicholalamikiwa. Mfanyakazi amwendee nani?

Mdororo wa uchumi ulipozidi, kampuni ikataka mzigo uongezwe tena. Mwezi Mei 1933 wafanyakazi waligoma, bila ya idhini ya chama chao. Waligoma dhidi ya kampuni na dhidi ya viongozi wao wenyewe. Mgomo ulidumu zaidi ya miezi miwili, katikati ya njaa ya miaka ile. Waliporudi mwezi Julai, ule uchunguzi wa pamoja ulikuwa umekufa, na chama cha zamani kikaachwa, wakaunda chao kilicho huru.

Walishinda, basi, na ushindi huo uliwapa miaka ishirini. Mwaka 1953 kiwanda kilifungwa, na kazi ya kufuma shuka za Pequot ikahamia Kusini, kule kule walikokuwa wakitishiwa nako tangu mwanzo. Majengo hayakubomolewa. Yangali yamesimama kando ya bandari ya Salem, yamegawanywa ofisi na vyumba vya biashara, na sehemu yake moja wanasoma watoto wa shule.