Wali wa Saa Nne

Shangazi yangu wa Bagamoyo hupakua wali saa nne asubuhi kila Jumapili. Siku nyingine nyumba yake hula mchana kama nyumba zote za mtaa wa Dunda, lakini Jumapili sufuria huteremshwa mekoni mapema, na mgeni asiyejua hudhani ameandaliwa kifungua kinywa cha kifalme. Nimekula wali huo tangu utotoni bila kuuliza. Nilipouliza hatimaye, nilikuwa mtu mzima mwenye Toyota Starlet ya 1997 inayokunywa petroli kama lori, na swali langu lilikuwa la mafuta, si la wali.

Jibu lake lilikuwa fupi: "Baba yako alikuwa lazima aondoke saa tano."

Wenye umri wanakumbuka. Kwa miaka kadhaa, mwishoni mwa miaka ya 70 na mwanzoni mwa miaka ya 80, ilikuwa marufuku nchini Tanzania kuendesha gari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali. Mtu aliyekwenda harusini, msibani au kwa mama yake alitakiwa awe amerudi, la sivyo gari lilale hukohuko. Ujerumani Magharibi nayo iliwahi kufunga barabara zake Jumapili, mwaka 1973, baada ya nchi za Kiarabu kubana mafuta. Wenzetu walivumilia Jumapili nne tu. Kwetu utaratibu huo uligeuka kuwa sehemu ya maisha, hadi ukabadilisha saa ya kupika.

Sababu zilipandiana. Pipa la mafuta ghafi lililokuwa kiasi cha dola 3 kabla ya Oktoba 1973 lilikaribia dola 12 ilipofika Januari 1974. Mwishoni mwa 1978 tukaingia vitani na Idi Amin, na vita vile vilikula mafuta na malori kwa pamoja. Kabla hatujapumua, mapinduzi ya Iran ya 1979 yakapandisha bei tena, ikavuka dola 30. Nchi ilikuwa na kiwanda chake cha kusafishia mafuta, TIPER, pale Kigamboni, kilichoanza kazi 1966, lakini kiwanda husafisha kile kilichonunuliwa, na fedha za kigeni za kununulia zilitoka kwenye katani, pamba na kahawa ambazo bei zake hazikupanda kwa mwendo ule. Foleni za sheli zikaanza kulala barabarani.

Baba alikuwa na Volkswagen ya 1960, ile ya mgongo wa kobe, aliyoinunua mkononi mwa mtu. Volkswagen za umri ule hazikuwa na geji ya mafuta. Tenki lilikuwa mbele, chini ya boneti, na dereva alikuwa na kijikoki karibu na miguu: injini ikianza kukohoa unakigeuza, unapata akiba ya lita tano hivi za kukufikisha panapostahili. Kwa mtu wa enzi za foleni, kusubiri gari likohoe ndipo ujue umebakiwa na nini ni kamari. Baba alikata ufito wa mkoko, akauchonga alama moja kwa kila lita moja, akawa anauzamisha tenkini kila anapoondoka na kila anapofika. Vipimo aliviandika kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Ufito na daftari vyote viko kwa shangazi, ndani ya kasha la bibi. Ufito bado unanuka petroli kidogo, au labda ni mimi ninayetaka unuke.

Daftari lile ndilo lililonifundisha kuendesha, na kwa muda lilinifundisha vibaya.

Kutoka Magomeni hadi Bagamoyo ni kama kilomita 65. Leo ni lami yote. Siku zile, ukishauacha mji, sehemu kubwa ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Baba aliandika jinsi alivyopita: gia ya juu mapema, mwendo usiozidi sitini, na kila palipo na mteremko, hata vile vidogo vya Bunju na Mapinga, anaweka nyutro na gari linajiendea. Mara nyingine alizima injini kabisa. Pembeni aliandika kwa fahari kilichookolewa: nusu lita, robo lita.

Nami nikamwiga. Miezi miwili nzima nilikuwa nateremka nyutro kama yeye, na Starlet ikaendelea kunipa kilomita 11 kwa lita, si zaidi. Fundi wangu wa Tegeta, kijana ambaye baba yake pia alikuwa fundi, alicheka. "Mzee wako alikuwa na kabureta," akasema. "Wewe una nozeli."

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Kwenye kabureta, injini inayozunguka ndiyo inayovuta mafuta, hata pale gari linaposukumwa na mteremko. Ukiitenga na magurudumu inazunguka polepole na kunywa kidogo zaidi. Gari la nozeli lina kompyuta. Ukiachia kanyagio huku gia imo na gari linatembea, kompyuta inajua kwamba magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, nayo hukata petroli kabisa. Ukiweka nyutro inalazimika kurudisha mafuta ili injini isizimike. Kwa hiyo ujanja uliokuwa akiba mwaka 1981 ni hasara kwenye gari la 1997, tena ni hatari, maana breki zinabaki peke yake. Kuhusu kuzima injini sisemi kitu: Volkswagen ya baba haikuwa na usukani wa kusaidiwa wala breki za kusaidiwa, hivyo hakupoteza chochote alipoizima. Ukizima Starlet ikiwa inatembea, usukani unakuwa jiwe.

Kisha tukafika kwenye themosteti, na hapo nilimkuta baba yake fundi badala ya baba yangu. Gari langu halikuwa nayo. Mtu aliitoa zamani na kurudisha kifuniko. Magari mengi sana ya Dar es Salaam yako hivyo, na maelezo ni yaleyale kila gereji: wazungu waliweka themosteti kwa ajili ya baridi yao, sisi na joto hili ya nini? Nadhani najua maelezo haya yalizaliwa lini. Wakati ambapo rejeta ilivuja na hapakuwa na rejeta nyingine ya kununua, themosteti iliyoganda ilikuwa kifo cha injini. Aliyeitoa aliokoa gari. Sikubaliani na wanaowacheka mafundi wa zamani kwa hilo. Lakini kazi ya themosteti ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kufanyia kazi, la nyuzi 80 na kitu, ambalo ni zaidi ya joto lolote la Dar es Salaam. Bila hiyo, ukiwa kwenye mwendo mzuri wa Mapinga, upepo unapooza maji mno, sensa inaiambia kompyuta kwamba injini bado ya baridi, na kompyuta inaongeza petroli kama mtu anayempa uji mgonjwa. Fundi alirudisha themosteti mpya, akabadilisha na feni iliyokuwa imeungwa moja kwa moja na swichi. Hicho peke yake ndicho kilichosogeza kipimo zaidi ya vyote.

Mengine yalikuwa madogo na yasiyo na hadithi. Upepo wa tairi ulikuwa chini, kwa sababu barabara yetu ya mtaani ina mashimo na tairi laini hupita vizuri. Breki moja ya nyuma ilikuwa inashika. Plagi zilikuwa zimechoka, na kichujio cha hewa kilikuwa na mchanga wa kutosha kupanda mchicha.

Na buti. Nilikuwa natembea na jeki mbili, dumu la maji, tairi bovu nililokusudia kuliuza, na nusu mfuko wa saruji ya Wazo ulioganda. Bagamoyo ndiyo mahali pa kuaibikia mzigo wa aina hiyo. Mji ule uliishi kwa hesabu ya uzito: mpagazi wa karne ya 19 aliyetoka pale kwenda Tabora na Ujiji alibeba kama frasila mbili, kilo thelathini na kidogo, na chakula chake kilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Sehemu ya mizigo ya msafara, vitambaa na shanga, ilikuwa ya kununulia posho njiani. Kila aliyeongezwa kubeba posho alihitaji posho naye. Mwenye msafara aliyekosea hesabu hiyo hakufika.

Barabara yenyewe leo ina adabu zake. Kuanzia Mapinga, Kerege, Zinga, hadi Kiromo, vijiji vinafuatana na kila kimoja kina kibao cha 50, na chini ya mwembe yupo trafiki mwenye tochi. Madereva wengi hukimbia mia baina ya vijiji na kufunga breki penye kibao. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo mia inadai nguvu karibu mara tatu ya ile ya sitini kuisukuma hewa tu. Halafu sehemu kubwa ya nishati ya mwendo wenyewe inageuka joto kwenye breki mbele ya kibao. Mimi sasa nakwenda sabini, naachia kanyagio mapema na gia imo. Daladala hunipita zikipiga honi. Tunakutana Zinga.

Sikuamini matokeo mpaka nilipopima kama baba, isipokuwa bila ufito: najaza hadi pampu ijikate, naweka namba sifuri, na nikirudi najaza pampu ileile. Pampu ileile ni muhimu. Kabla ya 2010, mamlaka ya EWURA ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na kabla kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa 2011, petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ilikuwa jambo la kawaida kiasi cha kuipa lugha neno kuchakachua, ambalo baadaye likahamia kwenye kura. Vipimo vyangu vimetulia kwenye kilomita 15 na nusu kwa lita. Kwenda na kurudi Bagamoyo ni kilomita 130. Zamani nilichoma karibu lita 12, sasa ni 8 na kitu. Kwa petroli ya shilingi 3,000 hiyo ni kama elfu kumi kila safari. Shangazi ana miaka 79 na magoti yamemkataa. Nilikuwa nakwenda mara moja kwa mwezi. Sasa nakwenda kila Jumapili.

Ni yeye aliyeniambia nisome ukurasa wa Machi 1982. "Wewe si unapenda hesabu," alisema.

Jumapili, tarehe 14, masika yakianza. Bibi alikuwa mgonjwa siku ya nne. Shangazi anasema baba alikaa kitandani pake, akamlisha wali vijiko viwili, na saa tano akainuka. Bibi alimshika mkono wa shati. Baba akamwambia, "Mama, nitarudi Jumamosi." Katika daftari ameandika: kwenda, lita sita na robo, kurudi, lita sita, nimefika saa nane kasoro dakika ishirini. Kuhusu mama yake hakuna neno. Shangazi hakuwahi kumsamehe zile dakika ishirini.

Bibi alifariki kabla ya magharibi. Habari ilimfikia baba usiku, na usiku wa Jumapili hakuna aliyethubutu kutoa gari. Akasubiri alfajiri.

Nilisoma mstari unaofuata mara kadhaa kabla sijamwonyesha shangazi. Yeye alijua tu kwamba Jumatatu baba alifika mapema kuliko walivyotarajia, gari likiwa limetapakaa tope hadi juu, na mazishi yakafanyika saa saba. Namba hakuwahi kuziona. Katika daftari zima, miaka mitano ya safari, hakuna namba nyingine inayokaribia ile. Jumatatu, tarehe 15: kwenda, lita tisa. Ya kurudi hakuandika.